Kimya Kabla ya Noti ya Juu

Katika Jamhuri ya Shwari, ambayo ukiitafuta kwenye ramani utapoteza muda wako na pengine kazi yako, kimya ni kosa la jinai. Msije mkadhani ni nchi ya makelele. La hasha. Shwari ni nchi tulivu kuliko zote, na utulivu huo hutangazwa kwa vipaza sauti vilivyofungwa kwenye kila nguzo ya umeme, tangu alfajiri mpaka watu wanapolala, ili asitokee mwananchi akasahau kwamba ametulia.

Zamani kimya kiliruhusiwa. Hata Wimbo wa Taifa ulikuwa nacho: baada ya mstari wa pili bendi ilinyamaza kidogo, taifa likavuta pumzi, kisha wote wakaendelea. Sasa ikawa Sikukuu ya Utulivu moja, Mtukufu Baba Mlezi wa Taifa amesimama peke yake jukwaani, bendi imefika kwenye pumziko, na mpiga tarumbeta mmoja aitwaye Damasi akaingia kabla ya wakati. Midomo yake ilikuwa haijakaa sawa. Ukatoka mlio mfupi, mnene, ambao kwa mtu asiyejua muziki ulifanana kabisa na ule ambao mtu mzima hujibana usimtoke mbele ya wakwe. Na ulitokea upande wa nyuma wa Mtukufu. Uwanja mzima ukacheka.

Afande Kasimiri Nyembo, kiongozi wa Bendi ya Kikosi cha Utulivu, hakusema neno siku ile. Alimtazama Damasi tu. Lilikuwa jicho la kawaida, jicho alilomtupia kila wiki mazoezini, maana Damasi alikuwa fundi wa tarumbeta mwenye ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuliona pengo akaliacha. Watu walisema hata siku ya ndoa yake alijibu "ndiyo" padri akiwa bado anauliza. Basi Afande Nyembo akamtazama kama kawaida, na wale mabwana wenye miwani myeusi, waliokuwa hawajui waanzie wapi, wakalifuata jicho lile mpaka lilipofika.

Damasi akachukuliwa kwenda Nyumba ya Ufafanuzi akafafanue. Hakupigwa wala hakuhukumiwa, Shwari hakuna mambo hayo. Mtu anaingia, anafafanua, akimaliza anatoka. Ila hakuna aliyewahi kumaliza.

Baada ya hapo Bunge likapitisha Sheria ya Kuziba Mapengo. Muziki wowote wa hadhara usiwe na kimya ndani yake. Penye kimya ipigwe ngoma kubwa. Likapitisha na ya pili, kwamba Wimbo wa Taifa ukianza mbele ya Mtukufu, kila mtu asimame wima, mikono ubavuni, asisogeze hata kope mpaka uishe. Wanaoruhusiwa kusogea ni wanabendi wenye noti za wimbo huo mbele yao, basi. Ukipigwa Mtukufu hayupo hayo hayana nguvu, kwa kuwa Wimbo wa Taifa bila Mtukufu ni mazoezi tu. Sheria ilifanya kazi vizuri sana. Mtu aliyempiga mbu shavuni alifungwa, na mama mmoja aliyejifungua katikati ya ubeti wa pili alishtakiwa, ingawa mtoto aliachiwa kwa onyo.

*

Mwaka huo Mtukufu alialikwa ng'ambo na nchi rafiki. Wenyeji wakampeleka kwenye opera, ambayo ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawaongei, wanaimbiana tu, hata wanapoombana maji ya kunywa. Mtukufu akalala tangu pazia lilipofunguliwa. Alilala kwenye vita, akalala kwenye harusi, akalala mfalme alipopewa sumu. Halafu ghafla akaamka, akasikia mwanamke mmoja akiimba noti ya juu kuliko zote, na machozi yakamtoka.

Akarudi nyumbani na agizo. Wimbo ule upigwe Sikukuu ya Utulivu, na bendi ya hapa hapa, na mwimbaji wa hapa hapa, maana taifa linalojitegemea haliwezi kuazima machozi. Na apate kulia pale pale alipolia ng'ambo. Asipolia, alisema, atajua wamempigia wimbo mwingine.

Agizo lilimfikia Afande Nyembo kupitia kwa Waziri wa Sauti, Mheshimiwa Daktari Daktari Majigambo. Mheshimiwa alikuwa na udaktari mara mbili, mmoja wa chuo kilichofungwa na mwingine wa chuo ambacho hakijafunguliwa bado. Alimkabidhi Afande santuri ya opera nzima na kumweleza kwa kirefu kwamba kazi hii ni heshima, na kwamba heshima ikiharibika huwa inafafanuliwa.

Afande akaisikiliza santuri nyumbani, ameweka sikio karibu na spika kwa sababu ya vipaza sauti vya nje. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mwanamke aliyesimama chini ya ukuta wa ngome. Ndani ya ngome amefungwa mtu wake. Anamwita: uko wapi? Vinanda vyote vinanyamaza, na mwanamke naye ananyamaza, anasikiliza kama atajibiwa. Kimya kinakuwa kirefu mpaka kinatisha. Hakuna jibu. Ndipo anapoipandisha ile noti ya juu, na baada ya hapo anakufa.

Afande akarudisha sindano, akasikiliza tena. Alikuwa ameelewa kitu ambacho Mtukufu mwenyewe hakukielewa. Noti ya juu haikumwamsha Mtukufu, ilimkuta macho. Kilichomwamsha ni kile kimya. Muulize yeyote aliyewahi kusinzia karibu na mashine ya kusaga ikazimwa.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili. Akiliziba pengo kwa ngoma kama sheria inavyotaka, Mtukufu hatalia, na Afande atakwenda kufafanua. Akiliacha wazi, Mtukufu atalia, na Afande atakwenda kufafanua. Tangu siku ile mguu wake wa kulia ukaanza kutikisika wenyewe, akiwa amekaa, akiwa anakula, hata akiwa kanisani, na mkewe akakoma kumuuliza.

*

Shwari nzima koo la kuifikia noti ile lilikuwa moja, nalo lilikuwa la Bi Eufrasia, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa kuu. Wizara ilimpitisha bila shida. Aliulizwa kama ana ndugu yeyote anayefafanua, akajibu hana, na jibu hilo lilikuwa sahihi kwa mujibu wa sheria, kwa sababu anayefafanua huhesabiwa hana ndugu mpaka amalize. Kwa mujibu wa mama aliyewazaa, Damasi alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja.

Afande alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa Bi Eufrasia tangu siku ya mlio. Alikwenda na santuri kwapani, akakaribishwa, akapewa chai, akaishika mkononi ikapoa. Bi Eufrasia akasikiliza wimbo mpaka mwisho. Kisha akaomba arudishiwe pale kabla ya noti ya juu.

"Hapa anafanya nini?"

"Ananyamaza, dada. Anasubiri ajibiwe."

Bi Eufrasia akatikisa kichwa polepole. Akauliza bendi siku hizi inafanyia mazoezi wapi. Afande akajibu, akitazama chai, kwamba ni uani mwa Nyumba ya Ufafanuzi, kila siku asubuhi mpaka jioni. Wakubwa walisema wanaofafanua wanapenda muziki. Majirani nao walisema tangu bendi ihamie pale hawasikii kitu kingine chochote, na walisema hivyo kwa shukrani.

"Na Uwanja wa Shukrani, nitakapoimbia, na ile nyumba vinachangia ukuta."

"Vinachangia."

"Sikiliza, Afande. Kila Ijumaa naenda kwenye lile geti naambiwa sina mdogo. Simwombi mtu anitolee. Nataka nijue tu kama yu hai, nijue namwombea mzima au namwombea marehemu. Nitaiimba noti yenu. Lakini pengo hilo niachieni tupu."

Afande akamweleza habari ya sheria, akamweleza habari ya ngoma, akaeleza mpaka maneno yakamwishia. Mwishowe akamuuliza, hata kama kungekuwa na kimya, yeye angejuaje?

"Wewe ndiye uliyemfundisha," Bi Eufrasia akasema. "Lini Damasi aliacha pengo likapita?"

Afande akanywa ile chai ya baridi yote kwa mara moja. Hakuahidi kitu. Njiani kurudi aligundua kwamba anatembea haraka kama anayefukuzwa, akapunguza mwendo, na baada ya nguzo mbili alikuwa anakimbia tena.

*

Kazi ya kuupanga wimbo kwa ajili ya bendi ya kupuliza si kazi ya kuchekea. Wale wa ng'ambo walikuwa na vinanda vya nyuzi visivyo na idadi, vinavyoingia polepole na kutoka polepole, na Afande alikuwa na watu waliozoea kupiga gwaride. Sauti za violini alizipa klarineti. Mwanzoni zililia kama bata, akazigawa katika makundi mawili yapokezane pumzi, zikaanza kulia kama watu. Kinubi hakikuwepo, akaweka marimba. Tarumbeta na tromboni zilimfunika mwimbaji mpaka akaonekana anatafuna tu, basi akaamuru kila mpigaji aje na kikombe cha bati akizibie mdomo wa chombo chake. Vikombe vile vilileta sauti nyembamba ya mbali, sauti ya mtu anayeita kutoka ndani ya kitu. Afande alipoisikia mara ya kwanza nywele zilimsimama.

Ufunguo wa sauti wa wimbo nao ulikuwa wa vinanda, vidole vya wapuliza shaba havikuupenda. Ilibidi wimbo upandishwe nusu hatua, na noti ya juu ikapanda nao. Bi Eufrasia alipoambiwa alisema pandisheni tu, yeye hakuwa na neno na noti.

Pengo ndilo lililobaki. Afande aliandika kila kitu kabla yake na kila kitu baada yake, akalizunguka kama mtu anayezunguka shimo uani kwake. Mpiga ngoma kubwa alikuwa Koplo Tindwa, mtu wa miraba minne, mcha Mungu na mcha sheria, ambaye hakuwahi kulikosa pengo hata moja. Na kwa ukubwa wa ngoma yake, ikipigwa uwanjani, hata aliye nyuma ya kuta tatu asingesikia chochote zaidi ya Tindwa.

Kisha wimbo ukapelekwa mbele ya Kamati ya Usanifu wa Sauti, mwenyekiti akiwa Mheshimiwa Majigambo. Kamati ilianza na maneno. Ngome ikaondolewa, kwa kuwa Shwari haina ngome, ikawekwa Ofisi ya Mradi. "Uko wapi, mpenzi wangu?" ikawa "Uko wapi, mradi wetu?" Kifo cha mwanamke kilileta mjadala mrefu. Mjumbe mmoja alisema wananchi hawafi hovyo hovyo bila kuiarifu Wizara ya Afya, na ikakubaliwa kwamba mwishoni mwanamke hatakufa, atastaafu.

Ndipo Mheshimiwa akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa hotuba ambayo vipaza sauti viliirudia wiki nzima.

"Ndugu wajumbe, wimbo huu ni mzuri, sikatai. Lakini je, una uraia? Unaingia katika nchi yetu kama mgeni, unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye masikio ya Mtukufu, bila kujitambulisha! Mimi nasema upewe uraia. Na uraia wa wimbo ni nini kama si Wimbo wa Taifa? Uchanganywe ndani yake. Mstari mmoja unatosha, tusije tukazidisha kama chumvi."

Wajumbe wakapiga meza. Mwalimu mmoja mzee wa kamati aliuliza mstari huo uwekwe wapi, akajibiwa kwamba hilo ni suala la kitaalamu, na wataalamu ndio hao wanaolishwa na serikali. Wote wakamgeukia Afande Nyembo.

Mguu wake ulitulia. Alikuwa ameliona jambo zima kwa mara moja, kama mtu anayefungua dirisha na kukuta mgeni amesimama hapo hapo. Mstari mmoja wa Wimbo wa Taifa. Unaanza. Hauishi.

"Nafasi iko moja tu, Mheshimiwa," akasema, na sauti yake mwenyewe aliisikia inatoka mbali. "Pale mwanamke anapomaliza kuuliza uko wapi. Kabla ya ngoma. Tuba, zile tarumbeta nene za sauti nzito, zitoe mstari wa kwanza, halafu Koplo Tindwa azibe pengo kama sheria inavyosema."

Wakaona ni jambo zuri. Mwanamke anauliza uko wapi, na taifa ndilo linalojibu. Mheshimiwa alisema wazo hilo alikuwa nalo tangu zamani, na akataka iandikwe kwamba ni lake. Ikaandikwa, wote wakatia sahihi. Afande akatoka nje, akaenda kuwaandikia wapiga tuba mstari wao.

*

Mazoezi yakaendelea kule uani. Kamati ilikuja kusikiliza, na kwa kuwa Mtukufu hakuwepo, mstari wa tuba ulikuwa mazoezi tu. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyeganda. Tuba zilitoa mstari wao, Koplo Tindwa akaliziba pengo kwa mapigo ya polepole, Bi Eufrasia akapanda noti yake, Kamati ikapiga makofi ikaenda kula. Wakarudia kesho yake. Wakarudia wiki iliyofuata. Ukuta wa Nyumba ya Ufafanuzi ulikuwa pale pale nyuma ya wapiga ngoma, una madirisha madogo juu, karibu na paa, na hakuna kilichoonekana kwenye madirisha yale.

Afande alikonda. Usiku alijiambia kwamba yeye hajafanya kosa lolote, ametekeleza maagizo ya Kamati, karatasi zina sahihi. Mchana alijiambia kwamba kuna muda bado, anaweza kumpa Tindwa nakala moja ya noti za Wimbo wa Taifa, na Tindwa akiwa nayo ataruhusiwa kusogea. Mara mbili alimwita Tindwa pembeni. Mara zote mbili akamuuliza habari za watoto.

Alichokiogopa zaidi hakikuwa miwani myeusi. Aliogopa kwamba kimya kitakuja, na Bi Eufrasia atasikiliza, na hakutatoka kitu. Hapo yeye Nyembo atakuwa amejua kile ambacho jicho lake lilifanya.

*

Sikukuu ilifika na jua lake. Uwanja wa Shukrani ulijaa mpaka kwenye ngazi. Vipaza sauti vyote vya nchi, ambavyo siku nyingine husema kila kimoja lake, siku hiyo viliunganishwa na uwanja, visitoe kitu isipokuwa kinachotoka mbele ya Mtukufu. Zilitolewa hotuba za kumkaribisha atakayehutubia, na hotuba za kumshukuru aliyekaribisha. Mtukufu alikuwa ameshaanza kusinzia kwenye kiti chake cha enzi.

Bi Eufrasia akapanda jukwaani amevaa gauni la bluu la kwaya. Hakumtazama Afande. Klarineti zikaanza, marimba ikadondosha matone yake, na kutoka kwenye vile vikombe vya bati ikaja ile sauti ya mbali. Akaimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba mazoezini, akitazama ukuta. Alipofika penye swali, maneno ya Kamati aliyaacha.

"Uko wapi?" akaimba. Mradi hakuutaja.

Tuba zikatoa mstari wa kwanza wa Wimbo wa Taifa.

Mtukufu akashtuka, akasimama wima, mikono ubavuni. Uwanja wote ukasimama. Nchi nzima ikasimama. Koplo Tindwa alikuwa ameshainua rungu la ngoma, na kwa kuwa karatasi yake haikuwa na noti za Wimbo wa Taifa, aliganda nalo hewani. Tuba zikamaliza mstari wao na kushusha pumzi. Mbele yao hakukuwa na kitu kingine kilichoandikwa. Hakuna aliyebaki mwenye ruhusa ya kusogea.

Kikawa kimya.

Vijana hawakukijua ni kitu gani. Wazee walikitambua. Sokoni muuza samaki aliganda kisu kikiwa nusu ya nguru, na kwa kinyozi mteja mmoja alisimama na wembe shingoni akiomba dua zote alizozijua. Bendera ilisikika ikipiga mlingoti. Tumbo la Mheshimiwa Majigambo likanguruma, na vipaza sauti vikalipeleka mpaka mipakani. Macho ya Mheshimiwa yalikuwa yanazunguka yakitafuta mtu wa kumpa amri, lakini amri hutoka mdomoni, na mdomo nao ni kiungo.

Afande Nyembo alikuwa amesimama na kifimbo chake. Alihesabu moyoni yale mapigo ya polepole ambayo Tindwa hakuyapiga. Uso wa Bi Eufrasia ulikuwa umeelekea ukutani, umekaza kama wa mtu anayevuta kamba nzito kisimani. Ukuta haukusema kitu. Mapigo yakaendelea kwenda. Amekufa, Afande akajiambia. Mimi nimemuua. Yalikuwa yamebaki mapigo mawili pengo lifike mwisho.

Sauti ya mwanamume, moja, kavu, ikatoka kwenye dirisha la juu na kuishika ile noti.

Iliwahi. Iliwahi kwa mapigo mawili kamili, na wenzake wakasikika wakihangaika kumfuata, kisha wakaingia nao, kumi, hamsini, nyumba nzima, maana nyumba nzima ilikuwa imelala na kuamka na wimbo ule tangu mazoezi yaanze. Noti ya juu hawakuiweza. Waliiimba chini, kwa vifua vyao, wakaenda nayo mpaka mwisho.

Bi Eufrasia hakuimba. Alikuwa anacheka. Alicheka machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola ya gauni, na kicheko chake kikaenda nchi nzima kwa vipaza sauti. Jukwaani Mtukufu naye alikuwa analia, mikono ubavuni, pale pale alipolia ng'ambo. Wimbo ulikuwa umepangwa vizuri.

Kule ndani walipomaliza, kimya kikarudi, kwa kuwa Wimbo wa Taifa ulikuwa bado haujaisha. Ndipo kwenye ngazi za nyuma mama mmoja akageuza kichwa. Sheria ilikataza, lakini akageuza. Akaita jina la mtu ambaye, kwa mujibu wa sheria, hakuwahi kumzaa.

"Lambati!"

Kutoka ukutani sauti ikaitika, "Nipo, mama."

Baada ya hapo waliita wote. Wenye miwani myeusi waliona kila anayesogea, wakamkumbuka kila mmoja, lakini wao wenyewe hawakuruhusiwa kusogea. Na mmoja wao, anayesimama karibu na geti, alionekana akiita jina la shemeji yake.

*

Mambo yalinyooshwa, kama yanavyonyooshwa Shwari. Iliundwa tume ya kuchunguza namna ya kuumalizia Wimbo wa Taifa, na wataalamu wakagawanyika, wengine wakisema uendelee ulipoishia, wengine wakisema uanze upya, na kwa kuwa jambo hilo halijaamuliwa, kisheria wananchi wote bado wamesimama wima. Mheshimiwa Majigambo alitafutwa kwa sababu wazo lilikuwa limeandikwa kwa jina lake. Alikwenda kufafanua, na hapo aligundua kwamba vyuo vyake vyote viwili havikumfundisha kufafanua. Bi Eufrasia alifungiwa kuimba kwa kosa la kustaafu kabla ya wakati. Kila Ijumaa bado anakwenda kwenye lile geti, anaambiwa hana mdogo, anasema asante na anarudi zake ametulia kabisa. Siku hizi anamwombea mzima.

Afande Nyembo naye aliitwa kufafanua, siku ile ile, kifimbo kikiwa bado mkononi. Walikisahau, au hawakujua ni cha nini. Aliingizwa kwenye chumba kirefu chenye madirisha madogo karibu na paa, akakuta watu wamekaa chini wanamtazama. Alitafuta kwa macho na hakumtambua mara moja, maana alikuwa amekonda na ndevu zimeota mvi. Damasi ndiye aliyemtambua kwanza. Akasogea, akampa nafasi ya kukaa.

Afande alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Alisema tu kwamba dada yake ni mzima, na amesikia.

"Najua," Damasi akasema. "Nimesikia kicheko chake."

Wakakaa. Mmoja wa wale watu akauliza kama Afande angeweza kuwapangia ile sehemu ya mwisho kwa sauti nne, kwa sababu walikuwa wameiimba kwa kubahatisha. Afande akasimama. Akawagawa, wa juu huku, wa chini kule, akawaonyesha pumzi zao na mahali pa kunyamaza, akainua kifimbo. Wakaimba mpaka wakafika penye pengo, wakanyamaza wote.

Damasi akaingia mapema. Afande Nyembo akatazama chini, kwenye viatu vyake, mpaka wengine walipomfikia.